Makori Avushwa Mpakani

Tarime

Mama mpendwa,

Mvua ya huko Magwagwa inaendeleaje? Sisi ilitukuta Isebania, mpakani. Askari aliniambia afisa amekwenda kula, kwa hiyo nisubiri. Na dada Kemunto nilikuwa namwona! Alisimama upande wa Tanzania na mtoto mgongoni, amekuja kunipokea. Tangu aolewe huku hatujaonana, na sasa kizuizi cha mti mmoja tu kinatutenganisha. Tulishikana mikono juu yake tukalia.

Mara mvua ikashuka. Baraza ya karibu ilikuwa upande wetu, basi Kemunto akamfungua mtoto akanipa juu ya ule mti.

"Wewe mama, huyo anaingia Kenya bila ruhusa!" askari akapaza sauti.

"Ana nyanya yake huko," Kemunto akamjibu, "na hawajaonana."

Askari akamtazama mtoto, akavua koti lake la mvua akamfunika. Kisha akainua kizuizi, akamwambia dada, "Ingia nawe ujikinge." Tulikaa barazani tukila zile ndizi zako mbivu, naye tukampa.

Mama, najua hukuipenda ndoa hii. Lakini mtoto ana paji la uso la marehemu baba, na jina walilompa ni Makori, lake. Baada ya mavuno wanakuja kwako, mkwe pia. Nakuomba uwapokee wote.

Mungu akutunze, na usichote maji peke yako mpaka nirudi.

Mwanao,
Nyaboke