Balozi Wake Ni Yupi?

Jumatano. Jua limewaka tangu asubuhi kama limetumwa, na mimi nimewaka kulizidi.

Wanaonijua hapa Ilala wanajua mimi ni mtu wa kucheka. Hata umbea nausema meno nje. Leo nimenuna mpaka wapangaji wenzangu wananipisha koridoni.

Nina mgeni, Zalhata, mama wa Kikomoro. Anakuja Kariakoo kununua viatu akauze kwao, na kila akija analala kwangu. Jana kafungua katoni, kakuta miguu ya kushoto mitupu. Karudisha dukani kwa ustaarabu. Mwenye duka akamzaba kibao mbele za watu, akamnyang'anya na pasipoti.

Jumamosi anasafiri. Bila hicho kitabu haendi popote, na watoto wake wanamsubiri.

Asubuhi tukaenda kituo cha polisi. Kijana wa mezani hata kalamu hakushika. "Huyu si raia, mama. Mpeleke kwa balozi wake."

Basi mimi na darasa langu la nne, nikampeleka kwa balozi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Chilumba, fundi cherehani nyuma ya nyumba yetu.

Mzee akacheka mpaka akasimamisha cherehani. "We mama, kakwambia balozi wa bendera, wa kwenye magari."

Mi nilijua balozi ni balozi.

Kisha akafungua daftari lake la wageni. Jina la Zalhata limo, maana siku ile ile aliyofika nilienda kumwandikisha, ndo utaratibu wetu. Mzee akavaa koti. "Akilala mtaani kwangu, balozi wake mimi."

Tukarudi kituoni watatu. Yule kijana akatucheka. Mzee akakaa kwenye benchi, daftari mapajani, akamuuliza taratibu, "Afande, muhuri wa kuingia kagongewa na nani? Na Wakomoro, au na sisi?"

Kijana akaanza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mbele yake.

Hapo ndo hasira ikanipanda vizuri. Mimi mgeni wangu akipigwa na mwanangu, namwambia nenda kwa mama yako? Si nitatafutwa na mtaa mzima? Mimi mwenye chumba kimoja hilo nalijua, serikali yenye viwanja vya ndege hailijui. Kumkaribisha mtu tunajua. Akizabwa kibao, ghafla si wetu.

Saa kumi ndo wakaandika kesi. Pasipoti bado iko kwa yule mwenye duka. Kesho saa mbili askari atatupeleka dukani, kasema.

Kasema.

Jioni hii Zalhata anakunja nguo zake, shavu bado limevimba, akaniuliza, "Dada, kwetu wakiniuliza Bongo wanakaaje na wageni, niwajibu nini?"

Nikainamia sufuria nikajifanya naonja chumvi.

Kesho saa moja na nusu asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za kituo na chupa yangu ya chai. Huyu askari atanikuta nimeshakaa.