Kabla Mwezi Haujaandama

Jumamosi, 24 Shaaban 1372

Mvua tena. Sufi imelowa, magodoro mawili hayashoneki. Nyumba hii ya askari tuliorudi vitani inatufundisha kushona magodoro ya watu, na wenyewe tunalalia mikeka. Mtu hupewa miezi sita apate kazi au jamaa wa kumpokea, kisha aondoke. Mimi nimebakiwa na mmoja. Makame, mwenzangu wa Burma, miwili.

Leo bati la jikoni limeng'oka kwa upepo. Kishindo kimoja. Makame akamrukia mpishi, akamlaza chini, akamfunika kwa mwili wake wote. Kwake yeye bado tuko Burma na bomu limeanguka. Alikuwa akimkinga. Mpishi kavimba goti na hataki kusikia habari ya kukingwa.

Jumapili, 25 Shaaban

Msimamizi ameniita. Makame akirudia, anapelekwa hospitali ya wenye wazimu. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Nina hofu. Shaaban inakwisha wiki hii. Mwezi ukiandama mizinga ya pwani italia, na baada ya hapo kila magharibi, Ramadhani nzima. Mwaka jana Makame alikuwa akilala barazani sokoni. Mzinga wa kwanza tu, akamwangusha muuza tende pamoja na meza yake.

Mji mzima huungoja mzinga ule na tende mkononi. Mimi nauchukia.

Jumatatu, 26 Shaaban

Nimetuma salamu kwa dada yake, Bi. Mwanaisha, kwa dereva wa gari la Bwejuu. Mzinga wa mjini hausikiki kule. Namwombea mwezi mmoja tu.

Jumanne, 27 Shaaban

Hakuna jibu. Gari limekwama matopeni. Makame kashona kutwa. Mshono wake mzuri kuliko wangu. Ananiudhi.

Jumatano, 28 Shaaban

Jibu limefika. "Mlete. Huyu wetu, hatumwogopi." Kuna gari kesho asubuhi, jingine Ijumaa.

Nimelia chooni. Nyumba nzima ni chumba hicho tu chenye komeo.

Alhamisi, 29 Shaaban

Nilishamfungia kifurushi. Kumbe wenzetu wamechanga, leo ni vunjajungu: wali wa nazi, mchuzi wa papa, karamu ya mwisho kabla ya kufunga. Makame akanishika mkono. "Haji, niache nile na nyinyi leo. Nnakwenda kesho."

Nikatazama juu. Mawingu yamefunga tangu Jumamosi. Nani ataona mwezi humo? Watatimiza thelathini, Ramadhani iwe Jumamosi. Nikasema haya. Gari likaondoka bila sisi.

Tumekula mpaka ukoko. Makame kacheka. Sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma. Sasa nasikia adhana ya isha, mvua imepungua.

Ijumaa, 1 Ramadhani

Mwezi ulionekana Pemba. Hapa wingu tupu. Simu ikaja baada ya isha, na mizinga ikalia.

Alinirukia mimi. Tulianguka kwenye kizingiti, nikasikia bega langu likivunjika. Akanikandamiza, mdomo wake sikioni mwangu: "Usinyanyue kichwa, ndugu yangu. Nipo." Mizinga ilipokwisha hakuniachia. Walimvuta watu wanne.

Nilimwambia msimamizi nimeteleza ngazini. Mpishi akamwambia ukweli. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Wamemchukua asubuhi. Alitembea mwenyewe, na kifurushi nilichomfungia kwapani. Gari nililiacha mimi, kwa sahani ya wali.

Jumapili, 3 Ramadhani

Bi. Mwanaisha amekuja kutoka Bwejuu. Alitungoja njiani Alhamisi, akatungoja na Ijumaa. Nilimwamkia, nikamweleza yote, na mawingu, na wali. Nilitaka anitukane. Akauliza jambo moja.

"Alishiba?"

Nikasema alishiba. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda kumtazama. Hawakumruhusu kuingia.

Jumatatu, 4 Ramadhani

Bega linauma. Nimekwenda hospitali ya wazimu nikazungushwa mlangoni. Mtumishi mmoja kaniambia Makame hufungwa kamba kila magharibi, mpaka mzinga upite. Nimeomba niwe naye kesho. Nimeomba vibaya, kwa kelele. Kasema atauliza.

Jumanne, 5 Ramadhani

Wameniruhusu. Mtumishi alisimama mlangoni na kamba yake, nikamwomba asubiri. Tulikaa mkekani, tende kati yetu na uji kwenye birika. Makame amekonda. Aliniuliza bega limefanya nini. Nikasema niliteleza ngazini.

Jua lilipokaribia kutua nililala chini kwa ubavu wa bega lililo zima. Akanitazama. Kisha akaja akanifunika, taratibu, akiliepuka bega.

Mzinga ukalia.

"Usinyanyue kichwa."

"Sinyanyui," nikasema.

Baada ya muda akainuka mwenyewe. Tukafuturu. Uji ulikuwa bado wa moto.