Subiri Simu ya Laini Zote

Viwanja Sitini, Ifakara
10 Juni 1999

Mume wangu Seni,

Pokea salamu zetu. Mpunga tumeshavuna, na mama yako hajambo.

Umeniuliza kama ununue simu ya mkononi iliyofungwa kwa laini ya kampuni moja, au usubiri ile ya mwezi ujao inayokubali laini zote. Subiri. Hapa mtandao bado, na hatujui kampuni gani itafika kwanza.

Sasa kaa chini. Jumatatu nimejifungua mapacha, wasichana! Kulwa alitoka akipiga kelele mpaka mama akacheka. Doto alitoka kimya. Hakupumua, Seni, nikaogopa sana. Mkunga akamsugua mgongo akimwambia, "Lia, mama, lia!" Akalia. Leo ana sauti kuliko sisi wote.

Mimi siwezi kungoja hiyo simu yako mpya. Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi, kaa karibu na simu ya ofisini kwenu. Nitapiga kutoka ofisi ya simu, nikiwa na mama na watoto. Ukiinua, usiulize kitu. Wasikilize kwanza binti zako.

Ni mimi mkeo, mwenye furaha,
Nyamizi