Unga wa Ulezi kwenye Fremu ya Dirisha

Sumbawanga, katika baridi ya kipupwe

Mke wangu Mama Tusajigwe,

Barua hii ikukute umekaa karibu na moto, maana mimi ninaiandika nikiwa nimevaa makoti mawili. Goti lako linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwenye doa, ameshazaa? Mimi ni mzima. Upepo wa Ufipa ndio unaoniamsha kila asubuhi, wala haupigi hodi.

Upepo huo ndio habari yenyewe. Nilipoaga kuja kufundisha useremala katika kijiji cha ujamaa, huku upande wa njia ya Kasesya, uliniuliza, "Mzee mzima unakwenda kote huko kwa ajili ya madirisha?" Sasa nikujibu.

Kijiji kinajenga zahanati yenye chumba cha kujifungulia. Tuliambiwa kwamba milango, madirisha, na lile dirisha la paani litakalomulika kitanda cha mzazi, lazima vipimwe kwanza. Vikifaulu, karakana yetu itapata cheti na kazi yote itakuwa yetu. Vikishindwa, vitaletwa vya chuma kutoka mjini na karakana itafungwa.

Wengi hudhani cheti kinasema dirisha ni zuri. Sivyo. Kinasema limepimwa kwa upepo, kwa maji na kwa kufunguliwa, na kwamba kila jingine litakalotengenezwa kwa vipimo hivyo hivyo litafanya kazi vile vile. Kwa hiyo mkaguzi hupima moja tu la kila aina, na hilo moja husema kwa niaba ya wenzake.

Mafundi wangu waliposikia "moja", wakaandaa moja. Asubuhi ya ukaguzi nililikuta limeegemezwa mlangoni, linang'aa kama bibi harusi. Nikapitisha ukucha kwenye kingo zake. Nta ya nyuki! Walikuwa wameziba kila mwanya.

"Deusi," nikamwambia kiongozi wao, "hii nini?"

"Upepo hautapita hapo, Mzee."

"Na mgonjwa akitaka hewa?"

"Mgonjwa wa Ufipa hataki hewa, anataka blanketi. Hewa mnaitaka ninyi mlao ndizi huko kwenu."

Hapo hapo gari la mkaguzi likaingia. Ningeweza kunyamaza, Mama Tusajigwe. Nikasema, "Ndugu Mkaguzi, hilo la mlangoni limezibwa nta. Chagua mwenyewe katika yale ya ndani." Deusi alinitazama kama niliyemwuza mnadani.

Mlango na dirisha la paani vilipita bila maneno mengi. Kisha mkaguzi akachomoa dirisha moja katikati ya rundo. Lilikuwa kazi ya Deusi huyo huyo, ya kabla hajaiwaza nta. Tukalifunga kwenye ukuta wa ghala unaokabili upepo, tukawasha mshumaa upande wa ndani. Mwali ukasimama wima.

Ikaja zamu ya maji. Mkaguzi akataka karatasi kavu ya kutandika ndani, tukawa hatuna. Mama Modesta, mkunga wa kijiji, akaleta unga wa ulezi, akaunyunyiza kwenye ubao wa chini wa fremu. "Hapa hata chozi litaonekana," akasema. "Nimepokea watoto wengi wakitetemeka. Mwageni, nione." Wakamwaga kutoka juu ya ngazi, ndoo baada ya ndoo. Unga haukupata doa.

Mwisho, kufungua na kufunga mara mia mbili. Kijiji kizima kilihesabu kwa sauti, na walipokaribia mia na thelathini wakaanza kubishana.

"Anzeni upya," akasema mkaguzi.

"Ndugu, hata bawaba ni mfanyakazi," Deusi akalalamika, lakini akaanza upya.

Ilipotimia, Mama Modesta aliukusanya ule unga, akauchunguza kiganjani. "Mkavu. Huu nampikia mkaguzi uji." Na mkaguzi akaunywa, akaomba kikombe cha pili, ndipo akaandika.

Cheti kina jina la kijiji, langu halimo, na sijapata kujivunia karatasi kama hiyo. Deusi aliniomba nimsomee mara mbili. Kisha akachukua kisu, akaenda kukwangua nta peke yake. Lile dirisha tukalipima jioni. Likafaulu bila nta.

Msalimie binti yetu Tusajigwe na mumewe, na kaka yako Ambakisye, mzee wa kanisa, umwambie sijasahau kwamba alinicheka nilipoaga. Mama mkwe nampigia magoti nikiwa huku huku.

Nina ombi moja. Dirisha la chumba chetu nililitengeneza ujanani, na hakuna aliyewahi kulipima. Upepo ukivuma, liwekee mshumaa. Mwali ukilala, niandikie ukweli ulivyo. Usiweke nta.

Mumeo,
Baba Tusajigwe