Mafunjo ya Kamere

Mjukuu wangu Kamau,

Habari za Kisumu? Huku mtoto wangu anaota meno, nimechoka. Dada yangu, nyanya yako, anakusalimia. Wenzako wacheke tu ukiniita shosho, yaani nyanya, na ujana huu.

Unauliza kwa nini kampuni ya maua ijisumbue na ziwa letu. Nilipokuwa nikipaki maua hapa Kamere, mwenye shamba alifyeka mafunjo, yale matete marefu yaliyozuia tope ufuoni. Mvua ikaja, tope likaziba pampu ya kuvuta maji ya ziwa, maua yakakauka, tukarudishwa nyumbani.

Baadaye akatuita tuyapande upya. Mwenzangu Wanjiru akamwambia, "Boss, kunja suruali uingie. Si ni wewe ulifyeka?"

Akaingia. Nikaona naye anaishi kwa hilo ziwa kama sisi.

Sasa jirani mpya anafyeka mafunjo yake. Namfunga mtoto mgongoni nikamzuie jirani huyo kabla hajamaliza.

Shosho wako mdogo,
Njeri