Niliigonga Fremu Kama Kibuyu

Jumanne, mchana. Mvua ya mawe imeyapiga majani chai mpaka shamba linafanana na kuku aliyenyonyolewa. Leo hakuna kuchuma. Nimekaa jikoni na daftari, uso unaniwaka, na si moto wa jiko.

Nina aibu. Wacha niiandike hivyo, bila kuizungusha.

Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilifundishwa na mjukuu wangu Chebet, kwa chaki, kwenye mlango huu wa jikoni. Kama humu kuna makosa, yatabaki hivyo hivyo, kwa sababu mwalimu wangu hajaniongelesha tangu Jumamosi.

Chebet anaendesha baiskeli. Si kupeleka maziwa tu, anashindana. Zile barabara za katikati ya chai, matope na mawe, mlima juu mlima chini, anawaacha wavulana nyuma wakimtafuta. Wako wanaosema msichana hafai kukaa juu ya kiti cha baiskeli. Mimi nawaambia wafunge mdomo, huyo ni wangu. Lakini baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuinuka.

Fundi Ouma hufanya kazi kiwanda cha chai, na Jumamosi hutengeneza baiskeli pale soko la Silibwet. Kwao ni kule ziwani, ila ameishi hapa mpaka Kipsigis, lugha yetu, anaongea vizuri, na mimi ananiita Kogo, nyanya, kama watoto wetu wote. Mzungu mmoja wa mashamba alipoondoka alimwachia fremu mbili za baiskeli za milimani, moja ya aluminiamu na moja ya kaboni. Ouma akasema Chebet achague moja, bure, naye atamfungia magurudumu.

Kuchagua moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote ya Jumamosi.

Chebet aliinua ile ya kaboni kwa vidole viwili, akacheka. Ouma akatueleza kwamba hiyo si chuma, ni nyuzi nyeusi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi. Ni nyepesi, na mtikisiko wa mawe inaumeza yenyewe. Ubaya wake, ikigongwa vibaya inaweza kuumia ndani na wewe usione. Aluminiamu ni nzito kidogo na inakurusharusha, lakini ikibonyea unaona.

"Anayepanda ni Chebet," akasema. "Yeye ndiye aamue."

Mimi nilikuwa hapo, na mimi siwezi kunyamaza.

Tangu niolewe nimechagua vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kugonga. Unakunja kidole, unagonga tumbo la kibuyu, unasikiliza. Kizima kinaitika. Chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa, na maziwa utakayoweka humo yataharibika. Wanawake wa huku wananiletea vyao niwagongee. Sijawahi kukosea.

Nikaigonga aluminiamu. Ikalia ngee, kama sufuria mpya. Nikaigonga kaboni. Tok. Kama kubisha mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Nikatangaza imepasuka. Ouma akatabasamu. "Kogo, hiki si kibuyu." Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilinipanda kichwani. Nikamwita mwongo, nikasema anataka kumuua mtoto wangu. Nikasema nyinyi watu wa ziwa ndivyo mlivyo. Nikaitupa fremu ya aluminiamu begani, nikaondoka.

Akaniita. "Kogo, rudi! Rudi kidogo!"

Sikugeuka. Nilipiga kelele soko zima lisikie: "Rudi wewe kwenu!"

Hata wauza kuku waligeuka kunitazama.

Maneno hayo nayajua. Ule mwaka wa kura za vyama vingi, vijana walipita hapa na viberiti, kuchoma nyumba za waliotoka kwingine, wakiyasema. Mke wa Ouma na watoto wake niliwaficha kwenye ghala la mahindi siku tatu, nikasimama mlangoni na panga. Baadhi ya vijana hao niliwapokea mimi siku walipozaliwa, kwa mikono hii. Nikawaambia wakitaka kuingia wanikate kwanza. Wakarudi walikotoka. Na miaka yote tangu hapo nimejiona mtu mzuri sana.

Kumbe maneno yenyewe nilikuwa nayo. Yalikuwa yamelala tu.

Jana asubuhi Ouma alikuja. Hakuingia. Alisimama langoni akamwita Chebet, akamwambia asithubutu kufunga magurudumu kwenye ile fremu. Nilipoitupa begani upande wa chini uligeuka juu, jua likaupiga, naye akaona mstari pale mabomba yanapoungana, karibu na pedali. Ndiyo sababu alikuwa akiniita. Chebet akachukua kitambaa, akafuta.

Ufa. Mwembamba kama unywele, kwenye hiyo iliyolia vizuri. Siku moja ingekatika mtelemkoni, mtoto akiwa juu yake.

Ile ya kaboni Ouma ameigonga kwa sarafu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sauti ni ile ile moja. Kaboni nzima ndivyo inavyolia, alimwambia Chebet. Ya kuogopa ni ile inayobadilika sauti mahali. Kwa hiyo kweli inagongwa! Ila mimi niligonga mara moja tu nikahukumu, fremu na fundi pamoja.

Nilimfukuza, naye akatembea na matope yote haya kuja kuniokolea mtoto. Chebet aliniangalia, akanigeuzia fremu niuone ule ufa. Heri angenitukana.

Leo asubuhi kabla ya mvua nilikwenda kwake. Mkewe, yule yule niliyemficha, alinipa kiti jikoni, akanimiminia chai, macho yake yakiwa kwenye birika. Nikamwambia Ouma nimekosa, anisamehe. Nilisema kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuitambua.

Akanywa chai yake yote. Kisha akasema, bila hasira:

"Kogo, ulinifukuza sokoni. Msamaha unauomba jikoni."

 Ni kweli nilitaka yaishe kimya kimya, nibaki yule nyanya wa panga. Lakini watoto wake wanapita soko hilo. Na wale vijana wa viberiti leo ni wanaume wenye nyumba zao. Baadhi yao walikuwa pale Jumamosi, na walisikia nani anawapa ruhusa ya kuyasema tena.

Nilipoinuka, alisema fremu ya kaboni bado ni ya Chebet, aende aichukue. 

Jumamosi nitakwenda Silibwet. Nitasimama mbele ya kibanda chake, niseme nilichosema, na niseme nilikosa, na kila mtu asikie. Watanicheka. Mbele ya viberiti sikuogopa hivi.

Sasa hivi nimemwambia Chebet mpango huo kupitia ukuta. Yuko chumba cha pili. Nikadhani hajasikia.

"Saa ngapi, Kogo?"

Soko likishajaa, nimemjibu.