Kocha Alisema Mwenyewe

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, na ukungu umelifunika ziwa lote. Nimechoka, lakini sina usingizi.

Mimi ni karani wa kiwanda cha nguo. Tangu Kocha Anders aje kutoka Sweden kufundisha timu ya kiwanda, kazi yangu kubwa imekuwa kumtafsiria. Kwao alikuwa mshambuliaji wa kuogopwa mpaka goti lilipoharibika. Bado anachechemea kukiwa na baridi.

Leo meneja alituita sisi wawili ofisini. Kiwanda kimeuzwa, na tajiri mpya hataki timu. Mechi ya Jumamosi ndiyo ya mwisho. Kisha akanigeukia.

"Wachezaji wasijue mpaka wamalize kucheza. Wakijua, nitakuwa najua nani kasema."

Mdogo wangu Masanja ndiye mshambuliaji wetu. Kiwanda cha minofu ya samaki, sangara, kinataka kumwajiri, na kesho ndiyo mwisho wa kuwajibu. Jana aliniambia atakataa, abaki na timu.

Nikisema, nafukuzwa, na mama anategemea mshahara wangu. Nikinyamaza, namwacha mdogo wangu akatae kazi huku namwangalia.

Nilinyamaza.

Jioni uwanjani, Kocha aliwakalisha wachezaji kibandani. Nikasimama kando yake, nikisubiri Kiingereza chake nitafsiri. Hakikuja. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, taratibu:

"Timu kwisha. Jumamosi mwisho. Mimi zamani, klabu yangu ilijua hawanitaki, haikusema. Mimi nilikataa kazi nzuri. Nyinyi tafuta kazi."

Akachukua mipira, akaondoka akichechemea kwenye mvua.

Masanja nami tulirudi nyumbani Kiseke kwa miguu, njumu zake mkononi.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Asubuhi."

Sasa yuko chumba cha pili, anapiga pasi shati lake jeupe la kwendea kwenye kiwanda cha samaki kesho. Hajanisemesha tangu tufike.

Na meneja ameniletea ujumbe: niwe mlangoni kwake kabla ya zamu ya asubuhi. Amesikia wachezaji wanajua, na hawezi kuamini kwamba Kocha aliwaambia mwenyewe kwa Kiswahili.

Nitamwambia sikusema neno. Ni kweli tupu. Mbona ndiyo inayoniuma?